Sauti Iliyochelewa

Sisimizi ndio niliowaona kwanza. Walijipanga mstari mwembamba juu ya meza ya kanisa, wakaingia ndani ya kinanda cha babu kupitia upenyo ulio kati ya vitufe viwili vyeupe, na hawakutoka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa ile ile: kuchota ndoo mbili za maji, kufagia kanisa letu dogo la Utange, kupangusa viti, kisha kupangusa kinanda kwa kitambaa kikavu. Kinanda nilikiacha mwisho kwa sababu nilikipenda.

Niliwatazama wale sisimizi kwa muda, lakini sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwetu nilijulikana kama mtoto asiyesikika. Ukiniita nitaitika "abee", nitakuja, nitafanya ulichonituma, basi. Shangazi alinisifu mbele ya wageni kwamba Kache hana mdomo, nami nikadhani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Baada ya wiki mbili kinanda kilinyamaza katikati ya ibada. Nguma, kijana aliyeimba sauti ya besi, alikifungua kwa bisibisi. Ndani alikuta mchanga, mayai ya sisimizi na nyaya zilizoliwa na kutu.

Mwalimu wa kwaya alikuwa babu yangu, Mzee Munga. Ujanani alichonga mawe ya kujengea nyumba, na vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu kama mihogo. Lakini akiviweka juu ya kinanda vilikuwa vyepesi, hata wageni walinyanyuka vitini kuangalia ni nani anayepiga. Aliwafundisha kuimba watoto wa Utange, kisha akawafundisha watoto wa watoto hao. Bado nikifumba macho namsikia akigonga meza kwa kijiti chake mara tatu kabla ya wimbo kuanza, ko, ko, ko, na kwaya yote ikivuta pumzi pamoja.

Wanakwaya walikutana wakaamua wasinunue tena kinanda kizito. Kila Alhamisi walikwenda kusali nyumba kwa nyumba, na walitaka kitu cha kubebwa begani. Vivian, aliyeongoza sauti ya kwanza, aliwaeleza kuwa siku hizi kuna vinanda vyepesi visivyo na waya, ambavyo hupigwa pamoja na tableti. Tableti kanisa lilikuwa nayo, na mimi ndiye niliyeitunza. Babu hakuyaona vyema maandishi madogo, kwa hiyo hata kwenye kinanda cha zamani alinitajia sauti anayoitaka, ogani au filimbi, nami nikaibonyeza. Ndiyo maana alipokwenda kuchagua kinanda alinichukua.

Tulikwenda Magongo, kwenye duka la Bwana Imad. Babu alimjua tangu Imad akiwa mtoto, kwa kuwa ndiye aliyechonga mawe ya nyumba ya baba yake. Imad alimwamkia shikamoo mara mbili, akamuulizia kila mtu wa nyumbani, akatuletea maji baridi, ndipo akapanga vinanda vitatu juu ya meza ya kioo.

Cha kwanza kilikuwa kidogo kama sinia ya vikombe. Mimi nilikipenda, lakini vitufe vyake vilikuwa vyembamba, na kila babu alipobonyeza kimoja, kidole chake kilikanyaga viwili. Babu alicheka akasema hicho ni cha kupigwa na paka. Cha pili kilikuwa na vitufe vipana, ila kilihitaji waya kwenye tableti. Cha tatu kilikuwa na vitufe vipana, hakikuwa na waya, betri yake ilichajiwa kama ya simu, na mtoto kama mimi aliweza kukibeba. Babu akakibonyeza, kisha akatega sikio. Kimya.

"Imad, mwanangu, hiki ni bubu."

"Ni bubu, mzee, wallahi sikufichi," Imad akajibu. "Lakini mkalimani wake ni huyo tableti aliye mkononi mwa mjukuu wako."

Nilikiunganisha na tableti kama Imad alivyonielekeza. Babu akagusa tena, na sauti ya ogani ikatoka kwenye tableti papo hapo, ndogo lakini safi. Nilimwona akitabasamu kama mtoto aliyepewa kaimati. Hapo Imad, kwa kutaka kumfurahisha zaidi, akatoa spika ya mviringo, nayo pia haina waya, akaiunganisha na tableti. Sauti ikajaa duka. Wapita njia walichungulia mlangoni.

Kila mtu alitazama spika. Mimi nilitazama kidole cha babu. Kilibonyeza, kikaanza kuinuka, ndipo sauti ikatoka. Ilichelewa kidogo tu, kama mtu anayeitwa akaitika baada ya kumeza tonge. Babu alikuwa akipiga noti ndefu za polepole, hakulitambua jambo hilo. Alinigeukia.

"Kache, wewe waonaje?"

Nilifungua mdomo. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, tena mbele ya mwenye duka aliyetukaribisha kwa maji baridi. Na babu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu bibi afariki.

"Ni kizuri, babu," nikasema.

Tukanunua kinanda cha tatu pamoja na ile spika. Vyote vilifungiwa kabatini kanisani, na nyumbani nikarudi na tableti tu.

Mazoezi ya kwanza yaliharibika. Babu aligonga meza, ko, ko, ko, kwaya ikaingia, na kinanda kikaja nyuma yao. Walipopunguza mwendo ili kukingoja, nacho kilizidi kuchelewa. Vivian alicheka akasema mwalimu ameamka na usingizi. Mazoezi ya pili hakuna aliyecheka. Ya tatu nilisikia wakinong'ona mlangoni kwamba mzee amechoka, na kwamba mawe yamekula vidole vyake. Nguma alisema kwa sauti ya chini kuwa yeye anaweza kujifunza kinanda, mradi mtu ampe nafasi. Hakusema kwa ubaya. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na makwaya mengine yangekuja Utange kutusikiliza.

Kila asubuhi nilimkuta babu uani na karai la maji ya moto yenye chumvi, mikono yake imezama ndani. Alivikunja vidole na kuvikunjua, kimoja kimoja, akivihesabu kimya kimya. Siku moja alinionyesha viganja vyake.

"Vinaniasi, Kache," akasema. "Naviambia sasa, vyaenda baadaye."

Nilijua. Nilisimama mbele yake na ndoo mkononi. Nikasema nakwenda kuchota maji.

Jumamosi iliyofuata Mama Pascalia, mwenyekiti wa kwaya, aliitisha mkutano. Wote tulijua sababu. Kabla hajasema neno, babu akasimama. Alieleza kuwa hataki kuwatwisha watu kazi ya kumfukuza, ilhali mwenyewe anaweza kujifukuza. Akakibeba kinanda kwa mikono yote miwili, akakiweka mapajani mwa Nguma. Kisha akatoa mfukoni kile kijiti alichogongea meza, akakiweka juu ya kinanda.

Ni kile kijiti kilichonivunja. Nilitoka kwenye kona yangu, nikapita katikati ya watu wazima bila kuomba njia. Niliizima spika, nikakichukua kinanda kwa Nguma, nikakirudisha mezani na kuiweka tableti kando yake.

"Babu, piga sasa," nikasema. "Vidole vyako havina kosa."

Nadhani kilichowanyamazisha si maneno yangu bali kunisikia nikisema. Babu aliketi, akapiga ubeti mmoja wa wimbo wa mavuno. Tableti ilikuwa na sauti ndogo, ikabidi wote wasogee na kuinamisha vichwa. Kidole na sauti vilikwenda pamoja, kama miguu ya mtu mmoja. Akapiga ubeti wa pili, haraka zaidi. Hakuna noti iliyobaki nyuma.

"Kumbe si mwalimu," Vivian akasema taratibu. "Ni spika."

Nguma alikimbia kwao akarudi na waya. Alichomeka upande mmoja kwenye tableti na wa pili kwenye spika ile ile, na sauti ikajaa kanisa, safari hii kwa wakati wake. Kinanda kilibaki bila waya. Kilichotaka waya ni spika. Nguma alipiga magoti mbele ya babu, akamrudishia kijiti kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Babu alimwambia aje Jumatatu, amfundishe kinanda kwa kuanzia mwanzo, maana mwalimu asiye na mwanafunzi hufa na kazi yake.

Mama Pascalia alinivuta karibu yake. Aliniuliza nilikuwa nimelijua lini jambo lile.

"Leo, mama," nikajibu.

Akanishika bega, akawaambia wanakwaya wote, na hasa sisi watoto tuliokuwepo, maneno ambayo sijayasahau.

"Heshima si kunyamaza, wanangu. Ukimwona mkubwa anakwenda shimoni, usingoje aanguke ndipo umpe pole. Mwamkie, mwite kwa jina lake la heshima, kisha umwambie ukweli. Mtu anayekupenda hatachukia kuambiwa."

Siku ya mavuno kwaya yetu iliimba vizuri kuliko miaka yote niliyoikumbuka. Babu alimsimulia kila mgeni kwamba mjukuu wake ana masikio ya popo. Alinishika mkono akinizungusha kwa watu, nami nikatazama chini, wakadhani ni haya.

Miaka imepita. Babu alizikwa huko huko Utange, na Nguma ndiye mwalimu sasa. Kinanda bado kipo. Kitufe kimoja kimebanduka rangi pale dole gumba la babu lilipozoea kutua. Jumamosi bado nakipangusa mimi, na nawafundisha watoto wa kwaya kuunganisha tableti. Wananiita Dada Kache. Yule aliye mkimya kuliko wote ndiye ninayemuuliza kwanza ameona nini, nami humngoja mpaka ajibu.

Lakini jibu langu mwenyewe nililibakiza, na leo nalitoa. Babu, haikuwa siku ile kanisani. Niliisikia sauti ikichelewa palepale Magongo, ulipoinua kidole na kuniuliza naonaje. Nilikuacha utie mikono kwenye maji ya chumvi wiki tatu. Nisamehe, babu.