Kwa Nini Garrett Aliwekwa Benchi

Kila asubuhi, saa moja na robo, Tessa Hudak alipanda gari la kaka yake akiwa na mkate wa siagi ya karanga mkono mmoja na kadi ya mipango ya timu mkono wa pili. Kutoka kwao hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi na mbili, kupitia daraja la mto Monongahela. Njiani Tessa alisoma namba, na Garrett alijibu bila kuiangalia kadi.

"Kumi na saba?"

"Najifanya nampa Lou mpira, akimbie kulia, halafu namrushia Pete katikati."

"Thelathini na moja?"

"Hiyo hata usingizini naijua, Tess. Uliza ngumu."

Tessa alikuwa na miaka kumi na miwili. Garrett alikuwa na kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na huu ulikuwa msimu wake wa tatu akiwa mrushaji wa timu ya shule. Katika mpira wao, ule wenye umbo la yai, kila shambulizi huanzia mikononi mwa mrushaji. Yeye ndiye huamua nani apewe mpira akimbie nao na nani arushiwe. Mjini Dunlap Ferry watu walimjua Garrett kuliko walivyomjua meya.

Jumatatu moja ya Oktoba mambo hayakwenda kama siku zote. Mawingu yalikuwa yametanda, lakini Garrett aliendesha amevaa miwani ya jua. Redio aliizima.

"Kumi na saba?" aliuliza Tessa.

Garrett alikaza macho barabarani.

"Garrett, kumi na saba."

"Nimekusikia! Pete... Pete anakimbia kushoto."

"Siyo."

"Basi kacheze wewe!"

Hakuwa amewahi kumfokea kwa ajili ya kadi. Tessa aliikunja, akawa anatazama maji ya mto. Alikumbuka mechi ya Jumamosi, jinsi vijana wawili wakubwa walivyomwangusha kaka yake kwa pamoja, kichwa kikadunda chini pamoja na helmeti yake. Garrett alichelewa kidogo kuinuka. Kisha akainua dole gumba, na uwanja mzima ukashangilia.

Mchana huo Bi Ruth, mhudumu wa afya wa timu, alimpima kuona kama pigo lile limemdhuru kichwa. Alimsomea maneno ili ayakumbuke, akamwambia ahesabu kurudi nyuma, akamsimamisha kwa mguu mmoja. Kisha akalinganisha majibu na yale ya Agosti, kabla msimu haujaanza, maana wachezaji wote hupimwa wakati huo. Majibu yalilingana. Daktari akatia saini kwamba Garrett anaweza kucheza.

Jumanne Kocha Delvecchio aliwakusanya wachezaji. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Jumamosi ataanza Corey Banas," alisema. "Garrett, wewe benchi."

"Kocha, daktari amesema niko sawa!"

"Karatasi ya daktari nimeiona. Benchi."

Kabla vijana hawajamaliza kuoga, habari ilikuwa imeshafika kwa kinyozi. Corey? Yule mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye nyaya kwenye meno? Jumamosi wanacheza na Glenrock, watani wao tangu enzi za mababu! Tena kuna mtu anakuja kutoka chuo kikuu, anakuja kumwona Garrett tu, na akimpenda atampa nafasi ya kusoma bure.

Kesho yake asubuhi vibao vinne vya NYUMBA INAUZWA vilikuwa vimepigiliwa kwenye majani mbele ya nyumba ya Kocha. Katika bonde lile, kocha hufukuzwa hivyo hata kabla hajapewa barua. Watu walimuuliza sababu, naye akawajibu, "Ni uamuzi wangu." Mwalimu haruhusiwi kutangaza mambo ya afya ya mwanafunzi barabarani, lakini nani alikuwa na subira ya kulifikiria hilo?

Jumatano jioni Tessa alikwenda na mama yake kwenye jiko la kanisa, ambako akina mama walitengeneza pierogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za kuuza Ijumaa. Mama yake, Marlene, aliweka viazi na jibini juu ya unga uliokandwa. Tessa alikunja na kubana kingo. Midomo ilifanya kazi kuliko mikono.

"Delvecchio ana kichwa kigumu tangu utoto," alisema Bi Stella, mkubwa wa jiko lile. "Nilimfundisha katekisimu, namjua."

"Ugumu si neno, shoga, kama ndani kungekuwa na kitu!" alidakia mwingine, na wote wakacheka.

Marlene hakucheka. "Mwanangu amepimwa. Daktari ametia saini. Mtu huyu anataka nini zaidi?" Alipangusa mikono, akatoa karatasi mkobani. "Kesho saa kumi na mbili jioni kamati ya shule inakutana. Tunaomba kocha aondolewe kabla ya Jumamosi. Jina la kwanza ni langu."

Karatasi ikazunguka, na kalamu ikaifuata ikiwa imejaa unga.

"Wewe Tessa," alisema Bi Stella, "hizo unazibana au unazinyonga?"

Tessa alitazama mikono yake. Viazi vilikuwa vimetokea pembeni.

Alikuwa na jambo moyoni. Siku moja ya Agosti, Garrett na rafiki yake Pete walirudi kutoka kupimwa wakicheka hadi wakashika meza.

"Maneno kumi, nimetaja manne!" alisema Pete.

"Mimi matatu," alisema Garrett. "Nikayumba na mguu mmoja kama mlevi. Sasa nani atanitoa uwanjani? Hata nikigongwa na treni, watalinganisha na leo waone niko vilevile."

Ilikuwa mbinu ya wachezaji wakubwa, na waliirithishana kama utani. Siku ile Tessa naye alicheka. Sasa haikumchekesha.

Waliporudi nyumbani alimkuta Garrett amelala, mapazia yamefungwa.

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo."

"Tangu Jumamosi?"

"Tess, funga mlango, taa ya nje inaniumiza."

"Kwa hiyo ni tangu Jumamosi. Garrett, mwambie Mama ulichofanya Agosti."

Garrett aliinuka akakaa. "Nisikilize. Yule mtu wa chuo anakuja mara moja tu. Mama amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na mmoja. Unataka na mimi nikafue? Nicheze Jumamosi hii tu, baadaye nitapumzika hata mwaka mzima."

"Na ukigongwa tena?"

"Sigongwi."

"Hivyo ndivyo ulivyosema wiki iliyopita."

"Ukifungua mdomo wako," alisema polepole, "mimi na wewe basi."

Tessa alilala vibaya. Akinyamaza, kamati itamwondoa Kocha, na kaka yake atasimama tena mbele ya wale vijana wakubwa akiwa na kichwa kile kile. Akisema, nafasi ya chuo huenda ikapotea, na kaka yake naye.

Alhamisi baada ya masomo hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Kocha Delvecchio. Alimkuta nje anang'oa vibao.

"Karibu, binti Hudak. Umekuja kununua nyumba?"

"Hapana, Kocha."

"Afadhali. Bomba la jikoni linavuja." Aliweka kibao juu ya vingine. "Sema."

"Kwa nini umemweka kaka benchi?"

Kocha alipangusa viganja. "Wewe ni wa nyumbani kwao, kwa hiyo nitakwambia nilichosikia. Jumamosi, baada ya kuanguka, alipaza sauti, 'Danny, nenda kushoto!'"

Danny Kerr, aliyewahi kucheza na Garrett, alimaliza shule miaka miwili nyuma. Sasa alikuwa mwanamaji, mbali kabisa na Dunlap Ferry.

"Nilimwambia Bi Ruth. Akampima, majibu yakalingana na ya Agosti. Nimefundisha miaka ishirini na sita, bado sielewi. Lakini mtu anayemwita asiyekuwepo, simpeleki mbele ya Glenrock."

"Na kama majibu ya Agosti hayakuwa ya kweli?"

Kocha alisimama wima. Nyundo alikuwa nayo mkononi, hakuikumbuka.

"Ndiyo hiyo," alisema taratibu. "Ndiyo hiyo, na mimi mjinga sikuiona." Akaiweka nyundo chini. "Sikiliza, Tessa. Wakinifukuza leo, Jumamosi sitakuwepo kumzuia. Na nikilisema mimi mbele ya watu, watasema natetea kibarua changu. Mwambie mama yako kabla ya saa kumi na mbili. Ukishindwa, nitamwita pembeni nimwambie mwenyewe. Lakini litamwingia zaidi likitoka kwako."

Saa kumi na mbili kasorobo gari la Marlene lilisimama nje ya ukumbi wa shule. Garrett alikuwa ameshatangulia ndani. Karatasi yenye majina mia tatu na kumi na mawili ilikuwa mapajani mwa Marlene.

"Mama, usiipeleke," alisema Tessa. Akaeleza yote, ya Agosti, ya Danny, ya mapazia.

Marlene alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Ulijua tangu Agosti?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Mama hakumgombeza. Alisema, "Mimi nimeona miwani ya jua siku tatu ndani ya nyumba yangu. Nikajiambia ni maringo ya ujana." Akafungua mlango.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alipomwita, Marlene alikwenda mbele na kuitazama karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Jina la kwanza hapa ni langu," alisema. "Naomba lifutwe."

"Marlene, vipi tena?" aliita mwanamume mmoja nyuma.

"Nilikuja kudai kwamba mwanangu amefaulu kipimo. Kipimo chenyewe si cha kweli. Alikosea makusudi Agosti ili asishikwe Oktoba. Na nasikia si yeye peke yake. Wazazi wenzangu, kila mmoja akamuulize wa kwake."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Garrett. Angeweza kukana. Tessa, aliyekuwa mlangoni, aliona kaka yake akishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, kisha akasimama.

"Ni kweli," alisema. "Na hizi taa zinanichoma macho. Kila kitu kinanichoma tangu Jumamosi."

Kiti kingine kikasogea. Pete naye alisimama. Kisha Lou.

Karatasi haikujadiliwa. Jioni ile ile Marlene alimpeleka Garrett hospitali. Daktari alisema ubongo umetikisika, na pigo la pili kabla haujapona lingeweza kumlemaza au kumwua. Mpira marufuku, simu marufuku, kusoma kidogo kidogo, mpaka atakapoambiwa.

Ijumaa Bi Ruth alianza kuwapima wachezaji wote upya. Wanane walikiri kwamba walikosea makusudi, na mmoja wao naye akapatikana ana maumivu ya kichwa aliyoyaficha wiki mbili. Corey hakuwa kati ya hao wanane. "Mimi sikujua kama inaruhusiwa," alisema.

Jumamosi Glenrock walishinda ishirini na saba kwa kumi. Corey alirusha mpira mmoja mzuri sana, na miwili mikononi mwa wapinzani. Yule mtu wa chuo alikula soseji, akatazama mpaka mwisho, akaondoka. Baadaye aliandika barua fupi kwamba daktari akimruhusu Garrett, watamwangalia tena majira ya kuchipua. Hakuahidi lolote. Ama vibao vya Kocha, hakuna aliyesema vilikuwa vyake, ila kinyozi alionekana akiziba mashimo kwa udongo.

Kwa siku kumi Garrett hakuzungumza na dada yake. Siku ya kumi na moja Tessa alikuwa anaosha vyombo, akaona mkono umechukua sahani na kuanza kuikausha.

"Bado nimekukasirikia," alisema Garrett.

"Najua."

"Labda Jumapili nitaacha."

"Sawa."

Mama yao alikuwa mezani akimenya vitunguu. Aliweka kisu chini.

"Kaeni hapa wote wawili," alisema. "Mtu akitoa betri kwenye kengele ya moshi, ile inayolia nyumba ikianza kuungua, moto haujazimika. Amejizuia kuusikia tu. Garrett, wewe ulitoa betri Agosti. Tessa, uliona ukacheka. Na mimi niliona nyumba ina utulivu, nikataka kumfukuza mtu pekee aliyesikia harufu ya moshi. Tulikosea wote watatu. Kocha alipendwa na mji mzima, akakubali kuchukiwa wiki moja ili wewe uwe mzima. Tessa alikubali kukupoteza ili asikuzike. Anayekupenda si lazima akupe unachotaka. Na mwili wako ukisema unaumwa, usiufundishe uongo, maana siku utakapouhitaji useme kweli, hakuna atakayeusikia."

Garrett aliitazama sahani mkononi. Ilikuwa imekauka zamani, lakini aliendelea kuipangusa.

"Jumapili ni mbali," alisema hatimaye. "Nimeacha leo."