Pua za Darasa la Saba

Makoye wa Segese, mwenyekiti wa kamati ya shule, hakupenda kuambiwa amekosea. Mbishi kweli kweli! Miaka minne iliyopita alipanda ngazi, akaziba kwa tofali matundu yote ya juu ya darasa la saba. "Vumbi la malori basi tena," alijisifu.

Vumbi lilipungua. Lakini darasa likawa tanuri. Feni mbili zilinunuliwa, umeme wa LUKU wa mwezi mzima ukawa unaisha kabla ya nusu ya mwezi. Juzi binti yake, Limi, alizimia katikati ya hesabu, na mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Makoye akaogopa. Akamwita Bernadina, fundi ujenzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tunataka feni sita."

Bernadina aliangalia juu, akacheka. "Baba Limi, nani kaziba pua za nyumba hii?"

Makoye akakohoa. "Ni... kamati."

"Hewa ya moto hupanda. Ikikosa pa kutokea, inawarudia watoto. Na bati hili jeusi linakunywa jua. Feni itazungusha joto lile lile."

"Maneno tu hayo!"

Bernadina alifungua madirisha, akapanda ngazi, akagonga tofali moja mpaka likatoka. Akafunga uzi kwenye tundu. Uzi ukainuka, ukaelekea nje, ukatetemeka bila mtu kuugusa. Makoye naye akapanda, akaweka kiganja. Pumzi ya moto ikapita katikati ya vidole vyake.

"Lo! Kumbe nyumba inapumua!" Akaweka kiganja tena. Kisha akasema polepole, "Niliziba mimi."

"Basi zibua wewe, baba."

Akazibua. Wazazi wakaweka wavu kwenye matundu, popo wasiingie. Bati likapakwa rangi nyeupe, irudishe jua. Chini yake wakapiga dari. Kando ya barabara wakapanda michongoma izuie vumbi. Feni sasa huwashwa mara chache, na umeme unafika mwisho wa mwezi.

Siku moja, saa nane mchana, Makoye alipita shuleni. Kimya! Wamezimia wote? Akakimbilia mlangoni. Watoto wote walikuwa wameinama, wanaandika. Kurasa zilikuwa zinapepea. Machozi yakamlengalenga.

Limi akainua kichwa. "Baba, sogea. Unaziba upepo."

Mbishi yule akasogea bila kubisha.