Kabati la Fundi Redio

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni mkono wa mwalimu.

Mwalimu wa chekechea alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mkoba begani, akizungumza na baba. Mkono wake mmoja ulikuwa usawa wa kiuno, kiganja kimelala, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto.

"Nataka kabati la vitabu, fundi," alisema. "Watoto wangu ni wadogo, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo wasilifikie!" baba alidakia. "Hapo umenena, mwalimu. Mtoto na kitabu wapi na wapi? Binti yangu mkubwa alitafuna kitabu cha hesabu mpaka jalada. Leo yuko chuo kikuu! Labda zile hesabu zilimwingia tumboni."

Mwalimu akacheka. Nani asingecheka? "Hapana, fundi, nilikuwa nasema..."

"Usiseme zaidi. Nilishakuelewa kabla hujafika mlangoni."

Simu ya mwalimu ikalia. Akaaga haraka, akaenda zake.

Kimya alikuwa pembeni, akipiga msasa mguu wa kiti. Alitaka kusema kitu. Akaendelea kupiga msasa, kama kawaida yake.

Baba yake alikuwa seremala hodari. Meza yake haikutikisika, mlango wake haukulia. Lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Redio, na tena redio isiyo na swichi ya kuzimia. Ukianza sentensi, yeye aliimaliza. Ukipiga chafya, yeye alieleza ilikotoka.

Kimya alikuwa binti yake mdogo. Aliacha shule ya msingi kabla ya kumaliza, kwa sababu kila alipoambiwa asome kwa sauti mbele ya darasa, alishindwa kutamka hata neno. Tangu hapo kazi yake ilikuwa msasa na vanishi. Baba alipotoka kwenda kunywa chai, Kimya aliutungua msumeno ukutani. Alichukua vipande vya mbao vilivyotupwa, akachora mstari, akakata. Alikata vizuri, mstari haukupinda. Kisha alivificha vipande hivyo chini ya maranda, yale mabaki ya mbao zilizopigwa randa. Hilo hakumwambia mtu.

"Shuleni wakilipenda kabati hili," baba aliwaambia nyumbani, "viti vyote vya madarasa mapya ni vyetu. Nimeahidiwa!"

"Basi lifanye vizuri," alisema mama. "Karakana imepoa mno siku hizi."

Baba akalifanya vizuri kweli. Kabati liling'aa. Lilikuwa na milango miwili na kufuli, na lilikaribia kugusa dari.

Mwalimu alipokuja, alilitazama kutoka chini hadi juu. Alichelewa kufika juu.

"Ni zuri sana, fundi," alisema. "Lakini nilitaka watoto wachukue vitabu wenyewe. Mtoto akichagua kitabu chake, anakipenda. Hapa hata mimi nitahitaji ngazi."

"Mbona hukusema, mwalimu?"

"Nilianza kusema, fundi."

Kwa mara ya kwanza redio ilikata sauti.

"Nitarudi Jumatatu," mwalimu alisema kwa upole. "Nahitaji kuzungumza na mkuu wa shule. Huenda tukatafuta fundi mwingine."

Wiki hiyo dada mkubwa alikuwa nyumbani kwa likizo. Majirani walimwita Profesa, ingawa alikuwa bado mwaka wa kwanza. Alikuja na kazi ya chuo. Katika somo la stadi za mawasiliano, kila mwanafunzi alitakiwa kutumia nyumbani alichojifunza, kisha aandike kilichotokea.

"Somo la kwanza ni kusikiliza," dada alimweleza Kimya jikoni. Akaeleza faida za kusikiliza. Akaeleza hasara za kutosikiliza. Alieleza mpaka chai yake ikaganda utando juu.

Kimya akaangua kicheko.

"Unacheka nini wewe?"

Kimya akanyoosha kidole kwenye kikombe. Dada akatazama, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mdomo wa baba huu, mdogo wangu! Mwalimu wangu wa chuo aliniambia najua kila kitu cha somo hili, isipokuwa kunyamaza. Haya, najifunza. Hebu niambie, ilikuwaje kuhusu kabati?"

Kisha dada akanyamaza.

Kimya alisubiri dada ajijibu mwenyewe. Watu walimuuliza hivyo siku zote: wanauliza, wanajibu, wanaondoka. Lakini dada alikaa tu, akimtazama bila haraka. Ukimya huo ulikuwa kama mlango ulioachwa wazi.

"Niliona mkono wake," Kimya alisema.

"Mkono?" Dada akasogeza kikombe pembeni.

Ndipo Kimya akasimulia yote: kiganja, kiuno, sentensi iliyokatwa.

"Unajua ulichofanya?" dada alisema. "Sisi chuoni tulifundishwa kwamba mtu huongea pia kwa uso, kwa mikono na kwa macho. Mimi nilikariri. Wewe uliona. Ila kuna nusu ya pili."

"Ipi?"

"Kusema ulichokiona."

"Naogopa, dada."

"Basi anza na neno moja: niliona. Usimlaumu mtu, usitafute maneno makubwa. Sema ulichokiona, ukimaliza nyamaza."

Kimya alikwenda karakana, akafanya mazoezi mbele ya kiti kisichopakwa vanishi. Kiti kilikuwa msikilizaji mzuri. Hakikumkatiza hata kidogo.

Baba alipoingia, Kimya akamgeukia.

"Baba, niliona..."

"Yule paka wa jirani tena? Leo nitamfunza adabu, nita..."

Dada akakohoa mlangoni. Baba akafunga mdomo.

"Niliona mkono wa mwalimu, siku ile ya kwanza," Kimya alisema. "Ulikuwa hapa." Akaweka kiganja chake kiunoni.

Baba akatazama kiganja. Akatazama kabati. "Na umekaa na jambo hilo muda wote huu? Uliogopa nitakugombeza?"

"Hapana. Niliogopa hutanisubiri nimalize."

Baba akaketi kwenye benchi taratibu. Akapangusa vumbi la mbao magotini. Kisha akamgeukia binti yake mkubwa.

"Profesa, huko chuoni kwenu kuna dawa ya mdomo?"

"Ipo, baba, na si chungu. Mwache mteja amalize. Usipoelewa, muulize: la nini, litakaa wapi, nani atalitumia? Mwisho mrudishie kwa maneno yako: 'Yaani unasema hivi na hivi?' Kama umekosea, atakurekebisha kabla hujakata mbao."

"Yaani unasema," baba alijibu polepole, "maneno ya mteja nayo yanapimwa, kama mbao?"

"Umeona? Umeshaanza!"

Jumatatu mwalimu alirudi. Baba alimpa kiti, akamwomba aeleze upya, kisha akachukua penseli yake nene na kuibana kwa meno. Kila neno lilipotaka kutoka, liligonga penseli na kurudi. Macho yalimtoka, jasho likamtoka, lakini alisikiliza.

"Nataka liwe fupi," mwalimu alisema. Akasita, akashangaa kwamba hakuna aliyemdakia. Akaendelea. "Pembe ziwe za mviringo, wasiumie. Na lisimame imara, kwa sababu wapo wanaopenda kupanda."

Baba akatoa penseli. "Yaani unasema fupi, la usawa wa mtoto, pembe za mviringo, lisianguke. Na milango?"

"Ah, umefanya vizuri kuniuliza! Milango sitaki kabisa. Watabana vidole."

"Niliona..." sauti ndogo ilisema.

Wote wakageuka. Baba akairudisha penseli mdomoni upesi.

"Niliona kabati hili lina rafu nyingi," Kimya alisema. "Tukilikata katikati na kuondoa milango, tutapata makabati mawili mafupi. Mbao za milango zitakuwa kitako na kifuniko."

Mwalimu akamtazama baba. Baba akamtazama Kimya. Penseli ikaanguka.

"Kumbe huyu anaongea!" mwalimu alicheka. "Na akiongea, anaongea jambo. Fanyeni hivyo hivyo."

Baba alikata, Kimya akashika mwisho wa ubao. Macho ya Kimya hayakutoka kwenye mstari.

Walipoyapeleka makabati darasani, watoto hawakungoja kuambiwa. Msichana mmoja mdogo alichagua kitabu, akaketi sakafuni na kukifungua juu chini. Akaanza "kusoma" kwa sauti kubwa hadithi yake mwenyewe. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akitabasamu. Kabla hawajaondoka, aliagiza viti vyote vya madarasa mapya. Baba alimuuliza maswali mengi sana kuhusu viti hivyo, na kila jibu alilirudia.

Kesho yake asubuhi karakana ilijaa mbao mpya. Dada alikuwa kwenye benchi, akiandika kazi yake ya chuo.

"Nimalizie na nini, baba?"

"Andika kwamba baba yako amekula penseli nzima kwa ajili ya elimu."

Wakacheka wote watatu. Kisha baba akamgeukia Kimya.

"Na wewe, mwanangu? Kazi imekuwa nyingi. Sijawahi kukuuliza. Unataka nini?"

Akaokota penseli iliyojaa alama za meno, akaibana mdomoni, akasubiri.

Kimya akapeleka mkono chini ya maranda. Akatoa vipande vyake, kimoja kimoja, akavipanga mbele ya baba. Hakuna kilichopinda.

"Sitaki vanishi peke yake, baba," alisema. "Nataka kuwa fundi. Nataka msumeno wangu mwenyewe."