Bahasha Sita za Tabia Njema

Mwizi aliliacha sanduku la pesa, akaiacha na kompyuta, akabeba bahasha sita tu.

Inspekta Omolo aliinama dirishani mwa ofisi ya Bi. Jepkemei, mwalimu mkuu wa shule moja ya Milimani, mjini Nakuru. Ilikuwa Julai 2008. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na alama ya kiatu, nyeupe kwa chokaa.

"Bahasha za nini, madam?"

"Vyeti vya tabia njema. Kamati iliamua mzazi yeyote anayejitolea kufundisha watoto michezo achunguzwe kwanza na polisi. Majibu yalifika jana kutoka Nairobi. Tulikuwa tuyafungue leo saa nane, wazazi wakiwepo."

"Na mistari ya chokaa uwanjani huchorwa na nani?"

"Baba Jasmin. Balbir, yule fundi wa magari. Anafundisha hoki. Lakini huyo ni mtu mzuri, Inspekta."

Sifa hiyo Omolo alishaisikia ikipewa wezi wengi. Akashuka uwanjani.

Balbir alikuwa akikusanya pedi za golikipa, kilemba cha buluu kichwani, viatu vimejaa chokaa hadi kwenye kamba. Kumwona Omolo tu, akaketi kwenye nyasi.

"Ziko wapi?"

"Ndani ya pedi, boss."

Zote sita zilikuwemo. Gundi haikuwa imeguswa.

"Mbona zote?"

"Ningechukua yangu peke yake, si mngejua ni mimi?"

"Na hukuifungua?"

"Ya nini? Najua iko nini ndani. Sikutaka Jasmin asikie babake akisomwa mbele ya watu."

"Ulifanya kosa gani?"

Balbir alimkazia macho. "Kweli hunikumbuki? Januari, wakati wa kafyu ya zile fujo za uchaguzi. Nilikuwa nimebeba watoto wa jirani kwa pikapu, nyumba yao imechomwa. Ukatushika barabarani, watu kama arobaini. Ukatupaka wino vidole, ukasema, 'Majina yenu yameenda Nairobi. Hata kazi ya kufagia shule hamtapata.'"

Omolo aliyakumbuka maneno, uso hakuukumbuka. Aliwatisha tu watulie, na asubuhi akawaachilia. Zile karatasi za alama za vidole zilikaa juu ya kabati hadi mpishi wa kituo akazichukua za kuwashia jiko.

Alichana bahasha ya Balbir, akamwonyesha. Iliandikwa: hana rekodi yoyote.

Balbir aliisoma mara mbili. "Kwa hivyo ningekaa tu, nisiibe?"

"Ungekaa tu."

Omolo alirudi ofisini kwa mwalimu mkuu. "Madam, kosa hili lina mkono wangu. Tuyamalizie hapa."

"Mtu ameingia ofisini kwangu kwa dirisha! Wazazi niwaambie hiyo ndiyo tabia njema?"

Omolo akarudi uwanjani kumchukua Balbir. Mdomo huponza kichwa, lakini wake ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake, na alijuta mno.

Kituoni hakumwachia konstebo kazi ya kuchukua alama za vidole. Alikishika mwenyewe kidole gumba cha Balbir, akakipaka wino.

"Legeza mkono, Baba Jasmin."

"Safari hii zinaenda Nairobi kweli, boss?"

Omolo alitamani kumdanganya tena.

"Zinaenda," alisema.