Mkono Uliochomolewa

Mongina, rafiki wa dada yangu, anafagia ofisi ya kituo cha majani chai karibu na Silibwet. Siku hizi anakula ugali kwa kijiko.

Akello, mtafiti wa chuo, alikuwa ameleta hapo mkono wa mpira uliounganishwa na kompyuta. Mchuma chai anaubonyeza kuuliza jambo, nao unambonyeza kumjibu.

"Mama, nioshee ule mkono," Akello alimwambia jioni moja. "Watu wengi wameushika. Nimeshauchomoa kwa stima."

Mvua ilikuwa imeleta giza ndani ya stoo ulimowekwa mkono. Mongina aliushika akakuta una joto, umelowa jasho, na unanuka kama kidonda kilichofungwa siku nyingi. Ndani yake kulisikika mlio kama wa mtu anayelamba vidole. Akautumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni, akausugua huku amefumba macho.

Vidole vikamfinya, polepole.

"Akello! Si ulisema umeuchomoa?"

"Nimeuchomoa, Mama. Waya ninayo huku."

Mongina akajinasua kwa nguvu. Kitu kikadondoka karaini, tik. Akainama kutazama. Ulikuwa ukucha, laini kama wa mtoto mchanga, na mwishoni ulikuwa bado na nyama.