Gari Lililobinuka Asubuhi

Saa mbili asubuhi mama mwenye kampuni ya vifaa vya umeme aliingia ghalani bila kumwambia mtu, akavuta katoni ya waya wa shaba, nayo ikamjia mikononi kirahisi mno. Ilikuwa tupu. Safu yote ya nyuma ilikuwa maganda yaliyofungwa gundi vizuri, na mbele yake zimepangwa katoni nzima kuziba macho.

Saa tatu Inspekta alikuwa getini, na mama huyo alishakata shauri. "Afande, hakuna mlango mwingine. Kilichotoka kimepita mbele ya huyu mlinzi. Ikifika saa kumi na moja hajasema ukweli, avue gwanda, umchukue."

Inspekta hakupenda kesi zinazomfikia zikiwa zimeshahukumiwa. Alivuta kiti akaketi na mlinzi.

"Mzee wangu, magari yakitoka unayakagua vipi?"

"Natazama makalio, afande. Gari lenye mzigo huketi nyuma. Likiketi nafungua buti, lisipoketi naliruhusu. Nafanya hivyo tangu nina nywele nyeusi." Alishika ukosi wa gwanda lake. "Nikirudi nyumbani bila gwanda hili, watoto nitawaambia nini?"

"Lipi huketi?"

"Pikapu ya dereva wetu, kila jioni. Nikifungua nakuta tairi la akiba na gunia."

Inspekta aliiendea pikapu. Haikuwa na kitu, na bado imeketi. "Springi zimechoka kuliko mimi," dereva alisema, na mtu angemwangalia angeamini. Tena gari linalofunguliwa kila siku ni la kuibia kweli? Inspekta akamwacha.

Aliyebaki na ufunguo ni mtunza ghala, ambaye kazini wote humwita Bwana Mgongo kwa kulalamikia mgongo wake. Hakuna aliyemdhania. Mtu anayeomba aokotewe hata kalamu, abebe shaba? Thubutu.

"Gari lake halijawahi kuketi," mlinzi alisema. "Ila kuna asubuhi huingia limebinuka, makalio juu kama la vijana. Jioni limenyooka. Leo pia limebinuka. Humtania, naye hucheka."

Inspekta alimwomba Bwana Mgongo lifti mpaka gereji, akachukue lake lililokuwa likitengenezwa. Njiani mkoba wa Inspekta uliteleza kutoka kitini ukaenda mbele, na kila shimo lilimgonganisha meno. Bwana Mgongo alikuwa akipiga mluzi.

"Shokapu zako za aina gani?"

"Za kurekebisha, afande. Niliziweka kwa ajili ya mgongo."

"Hata mimi nazitaka. Ngoja fundi azitazame."

Mwenye gari zuri hakatai kusifiwa. Fundi aliingia chini na taa, akatoka akijifuta mikono, akamvuta Inspekta pembeni.

"Hizi zina ringi. Ukiizungusha kupanda gari linainuka, kushuka linakaa. Lazima uisafishe na kuipaka grisi, la sivyo inaganda. Za mbele zimeota kutu, hazijaguswa. Za nyuma zinang'aa grisi, na zimepandishwa mpaka juu."

"Na springi?"

"Ngumu za mzigo. Mwenye mgongo mbovu huchagua laini. Huyu angeshalia."

Saa kumi na nusu wote walikuwa getini. Inspekta aliagiza buti la Bwana Mgongo lijazwe katoni nzima za shaba. Kila katoni ilipoingia, makalio ya gari yalishuka kidogo. Ya mwisho ilipoingia, gari lilikuwa limenyooka.

"Mzee wangu," Inspekta alimuuliza mlinzi, "hili ungelifungua?"

Mlinzi alilizunguka, akatazama makalio. "Ningeliruhusu, afande. Nimeliruhusu mara nyingi."

"Asubuhi limebinuka kwa sababu linangoja mzigo. Siku asiyochukua, huishusha ringi. Na mgongo wake ni mzima kuliko wangu, nimepanda naye. Bwana Mgongo, waya uko wapi?"

Mtunza ghala alinyoosha kiuno chake chote, mara ya kwanza mbele yao.

"Nyumbani. Mwingi bado upo." Akamgeukia mama. "Mpwa wako nilimfundisha kazi mimi, kisha ukamfanya mkubwa wangu. Nikasema nitafungua duka langu, na waya wa kuanzia utatoka hapahapa."

"Na huyu mzee?" Inspekta aliuliza.

"Sikufikiri angeshikwa. Kila mtu anampenda."

Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kuliko wizi wenyewe. Mama mwenye kampuni alimwendea mlinzi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Nimekukosea. Nisamehe." Mlinzi aliitikia kwa kichwa. Kisha akafunga vifungo vya gwanda lake mpaka shingoni.

Askari waliokuja walimchukua mtunza ghala, na Inspekta akawasha gari lake aondoke. Mlinzi alisimama katikati ya geti, ameinua kiganja.

"Shuka kidogo, afande. Nifungulie buti."

"Mimi? Mbona langu halijaketi."

"Ndiyo maana."

Inspekta alifungua. Ndani mlikuwa na shokapu mbili mpya alizonunua gereji, za kawaida, laini.

"Risiti?" mlinzi aliuliza, na Inspekta akaanza kupekua mkoba huku akicheka.