Mume wa Argia

Nives alipotoka misa ya Siku ya Marehemu alikuta kitanda kimebonyea pembeni ya mwanawe Elmo, kama palipolala mtu mzima. Shuka lilinuka tumbaku, na nyumba ile haikuwa na mvutaji tangu azikwe baba mkwe wake, mzee Oreste.

"Mama, si ulisema utamhamishia mtoto jikoni?"

"Nilipitiwa," mama mkwe wake, Argia, akajibu huku akisonga ugali.

Alipitiwa! Hapa kwetu Pianavola hata mwendawazimu anajua kwamba alfajiri hiyo tunatandika vitanda na kuviacha vitupu, wafu wapumzike wakati sisi tuko kanisani. Mtu haachwi kitandani, sembuse kichanga mwenye homa.

Kesho yake Elmo akaanza kukohoa kikohozi kizito cha kizee. Akalikataa ziwa. Akawa anamkazia mama yake macho ya dharau, kama bwana aliyecheleweshewa chakula.

Nives akamwita Zelinda, mganga wetu wa mafuta. Zelinda akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Yakazama.

"Mamaa!" akanong'ona. "Mwanao bado yumo, ila anasukumwa nje. Tumtoe huyu mzee sasa hivi, dada. Tukingoja hadi kesho, umempoteza."

Argia akaipiga sahani teke.

"Hatolewi mtu hapa!"

"Mama, huyu si mjukuu wako?"

"Nimelala peke yangu miaka na miaka. Wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Akamnyakua mtoto, akajifungia naye chumbani. Mungu amsamehe mwanamke yule, mimi siwezi.

Nives akaupiga mlango kwa ngumi, kwa bega, kwa kichwa, akimwita Elmo, Elmo mwanangu, na kila alipoita alikisikia kilio cha kichanga kikimjibu, lakini kila mara kutoka mbali zaidi, kana kwamba kuna mtu anamteremsha kisimani polepole, mpaka kikawa chembamba, mpaka Zelinda akaziba masikio na kukimbia, mpaka hakikusikika tena.

Kisha chumbani mwanamume akakohoa.

"Argia, nani huyo anayepiga kelele mlangoni?"

"Mkwe tu huyo, mume wangu. Atazoea."